Bata wa Dirishani

Haya nimeyapata kwa binti wa mwanangu, yule anayeshona mashuka. Alikuja kunitazama mvua zilipokatika, akakaa kitandani kwangu, akawa ananisimulia huku ananikanda magoti. Mengine aliyaona kwa macho yake, maana yeye na fundi ninayemsema hapa wanashonea chumba kimoja. Mengine kaambiwa na mwenyewe. Mimi michezo ya kwenye kioo siijui, ikabidi anieleze polepole, na ninyi nitawaeleza hivyo hivyo.

"Nataka haya haya, dada. Rangi hii hii, na bata hawa hawa."

Mteja alikuwa nesi, sare ya kazi bado mwilini, sweta juu yake, uso wote bashasha. Simu kaisogeza mpaka puani kwa fundi wa mapazia. Fundi akatazama. Mguu wake ukaiachia pedeli, cherehani ikanyamaza.

Kwenye picha kulikuwa na chumba cha mchezo. Kochi la watu wawili, taa ya mezani yenye kofia ya njano, dirisha kubwa, na mapazia ya bluu yenye bata weupe waliopanga mstari. Bata wa mwisho kageuza shingo, anaangalia alikotoka.

"Umeipata wapi hii?" fundi akauliza.

"Kwa mchumba wangu! Kuna mchezo wa kupamba nyumba, ule wa miaka mingi, kila mara wanatoa toleo jipya. Kanipangia chumba chetu humo. Kasema, 'Hivi ndivyo tutakavyoishi.' Mwanamume kukuwazia mpaka kofia ya taa, umeona wapi?"

"Sijaona."

"Basi mimi na umbea wangu nikabonyeza pazia, likaniandikia jina la aliyelichora: Sindano Pole. Nikalitafuta mtandaoni, nakuta ukurasa wako, kumbe unashona kweli! Nimepanda basi bila kumwambia. Nataka nimshtukize."

Mjukuu wangu, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, akadakia: "Haya, Sindano Pole! Umaarufu huo, kesho hata salamu zetu hutaitikia."

Fundi hakucheka. "Huyo mchumba wako, yeye anasema kachora nani?"

"Nilimuuliza. Kasema michoro imo tu humo, haina mwenyewe."

Sasa nisikilizeni. Jina la Sindano Pole fundi alipewa na mtu mmoja, mpima ardhi, kijana wa nyumba ya jirani. Utotoni, kwao huyo kijana ndiko kulikokuwa na mashine ya mchezo, ile ya kuunganisha na televisheni. Walianza na toleo la zamani lenye chumba kimoja na kitanda. Kila toleo jipya likitoka, wanahama nalo, wanaanza upya: zulia, saa ya ukutani, maua. Wakakua, wakapendana, na bado wanapamba. Mpima alipopata kazi mbali, wakawa wanakutana humo humo. Fundi akitoka kazini anawasha kimashine chake cha mkononi, anamkuta mtu wake kwenye kochi anamngoja.

Sharti lao lilikuwa moja. Hakiingii kitu humo ambacho hawatakiweka kwenye nyumba yao ya kweli. Ndiyo maana kila kilichoingia fundi alikihesabu ahadi, na wanaume waliokuja kumposa aliwarudisha mlangoni. Bata aliwachora mwenyewe, nukta kwa nukta, mpima alipohama. "Huyu wa mwisho ni wewe," alimwambia, "unaniangalia niliyebaki."

Mama yake alikuwa akimtania.

"Kwenye hiyo nyumba yenu, choo kiko wapi?"

"Watu wa mchezoni hawaendi choo, mama."

"Basi hata kuoa hawaoi."

Toleo la juzi juzi lilipotoka, mpima alisema hajalinunua. "Kazi imenibana, mpenzi. Tukae hapa kwanza, tutahama baadaye." Kumbe yeye kashahama. Kabeba na mapazia.

Fundi akashika futi yake ya shingoni. "Nahitaji upana wa dirisha. Mpigie, weka sauti ya nje."

"Jamani, si nitaharibu siri yangu?"

"Bila kipimo sikati kitambaa."

Simu ikaita.

"Malkia," sauti ikajibu. Fundi aliijua kabla neno halijaisha. "Mama kijacho wangu, umekula?"

Nesi akajishika tumbo, anacheka. "Nimekula. Usinigombeze, nilitaka nikushtukize. Nipo kwa fundi wa mapazia, anataka upana wa dirisha."

"Fundi gani?"

"Mimi," fundi akasema.

 Nesi akaitazama simu kama iliyozimika.

"Nipe upana, mpima. Si ndiyo kazi yako?"

"Malkia, toka hapo," mpima akasema. "Toka nje tuzungumze."

"Nitoke kwa nini? Mnajuana?"

"Tulicheza wote utotoni."

"Wiki iliyopita nilikukuta kwenye kochi," fundi akasema. Sauti yake, mjukuu wangu anasema, ilikuwa ya mtu anayesoma bei. "Ukaniandikia, 'Mwaka huu naleta wazee kwenu.' Wiki iliyopita na yenyewe ni utoto?"

Tabasamu la nesi lilikuwa bado usoni, limesahaulika pale. Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Kochi ni la kwake?"

"Malkia..."

"Taa? Na taa ni ya kwake? Niambie kimoja tu ulichokiwaza kwa ajili yangu."

"Ni vitu vya mchezoni jamani! Nilijua havina mwenyewe."

"Kimoja."

Mpima akapumua kwa nguvu. "Sikujua kupamba kwingine," akasema.

Nesi akakata simu. Akakaa juu ya robota la kitambaa, akalia kwa kwikwi, mkono mmoja tumboni. Aliyemletea maji ni fundi.

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Mimi sijawahi kuwa wewe. Hata siku moja."

Nesi akanywa, akajifuta na mkono wa sweta. "Wazee wameshaonana. Kadi zimeshagawiwa. Na huyu humu ndani..." Akajigusa tumbo. "Nitaolewa naye, dada. Nitamchukia, halafu nitaolewa naye."

"Nenda, mama. Basi litakuacha."

"Na mapazia?" Likamtoka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe. Nimezoea kuuliza."

"Kanunue dukani. Yapo ya maua, mazuri tu."

Nesi akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Mjukuu wangu akashika ufagio. Akafagia chumba, na asubuhi alikuwa ameshakifagia.

Ujumbe wa mpima ukaanza kuingia kwenye simu ya fundi.

"Naomba tuongee."

"Sikukudanganya mapenzi. Nilikupenda kweli. Kila nilipotaka kukuambia, nilikukuta umeweka kitu kipya."

Fundi akausoma huo mara nyingi. Mwisho akajibu: "Ungeniambia, ningeacha kuweka. Waondoe bata wangu kwenye nyumba yenu."

Haikupita muda simu ikalia.

"Nimewaondoa. Nimeweka mapazia meupe."

Hapo ndipo fundi alipovunjika. Mbele ya nesi hakulia, kwa ile sauti ya simu hakulia, lakini utii huu ulimmaliza. Alitaka mtu abishe kidogo. Aseme hapana, bata nitabaki nao, nimewazoea. Akaegemeza kichwa juu ya cherehani, mabega yakawa yanatikisika, na mjukuu wangu akafunga mlango wateja wasiingie.

Jua likiwa bado kali fundi akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa amepumzika kitandani na redio. Fundi akakaa sakafuni, akawasha kimashine, akaingia kwenye chumba chao. Kochi lilikuwa tupu. Akaanza kutoa. Akatoa saa, akatoa zulia, taa, maua, kochi lenyewe. Mapazia akayaacha ya mwisho, nayo akayatoa. Akabaki yule mtu wa mchezoni aliye yeye mwenyewe, na gauni alilomchagulia, kasimama katikati ya kuta tupu, anapepesa macho, anangoja aelekezwe pa kwenda.

Hakumwelekeza. Akazima.

"Umerudi mapema," mama akasema. "Unaumwa?"

"Mpima anaoa, mama."

Mama akaipunguza redio. "Anaoa nani?"

"Nesi. Ni mwanamke mzuri. Ana mimba."

Mama akainuka kidogo kitandani.

"Cheka basi. Si ulisema hawaoi?"

"Nilikuwa nakutania, mwanangu." Mama akamgusa nywele. "Mtu anataniwa kwa kinachomfurahisha. Mimi mwenyewe nilishachagua upande wangu wa kukaa kwenye lile kochi, nikija kuwatembelea."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Mtu mzima, naota nyumba ya kwenye kioo?"

 Redio ikatangaza habari za watu wengine. Kisha mama akajisogeza ukutani, akaipigapiga nafasi iliyobaki.

"Njoo ulale."

"Mchana wote huu?"

"Kwani una kazi gani nyingine?"

Fundi akapanda na nguo zake za kazi, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye sketi. Akamgeuzia mama mgongo. Mama akamwekea mkono begani, mzito, wa joto.

"Nimechoka, mama. Hata kesho siitaki."

"Najua. Usiitake. Itakuja yenyewe."

Mama ndiye aliyetangulia kulala, mdomo wazi, mkono bado pale pale. Fundi akabaki anautazama ukuta, anahesabu nyufa, anasikia watoto wa jirani wakigombana barabarani. Akalia bila sauti ili asimwamshe. Mwanga ukahama ukutani, ugomvi wa watoto ukaisha, na machozi nayo yakakauka yenyewe kwa kukosa wa kuyafuta. Kisha na yeye akalala.