Aliyeitika Jikoni

Ilianza na harufu ya asumini. Shemsa alikuwa uani anaanua nguo, jua la alasiri bado kali, akaisikia: asumini mbichi kama zile alizokuwa akivaa marehemu mama yake, na chini yake harufu ya tope la mikoko. Mche wa asumini wa nyumba ile ya Nguvumali aliung'oa mwenyewe baada ya arobaini, maana baba akiuona analia.

Moyo ukamlipuka. Na alijua kwa nini aogope.

Baba yake, Mzee Rahimu, fundi cherehani, tangu kufiwa na mkewe Zuwena hakugusa kazi wala kula cha maana. Saa ilimpwaya mkononi. Kila chakula kikitengwa alimwita marehemu kwa mazoea, "Zuwena! Njoo tule," na asipoitikiwa akaisukuma sahani. Shemsa aliacha kazi yake Dar akarudi kumtunza. Mama kashamzika, kumzika na baba, hapana. Basi siku moja huruma ikamponza. Baba alipoita, akaitika kutoka jikoni, akiiga sauti na mvuto wa mama yake: "Labekaa."

Mzee akala. Tena akamaliza! Kesho yake akatia mafuta cherehani chake. Shemsa, masikini, akafurahi, akawa anaitika kila mchana. Nani aliyemtuma kuitikia jina la maiti?

Sasa, akiwa na nguo mikononi, akamsikia baba: "Zuwena!"

Shemsa hajafungua mdomo. Jikoni pakaitika: "Labekaa."

Alikwenda mbio. Hapakuwa na mtu. Sakafu tu imelowa. Tangu hapo bangili zikawa zinalia nyuma ya mlango wa jikoni, na asumini ikazidi hata wali ukawa hauliki, na baba akawa anacheka peke yake huku akishona kutwa kitambaa cheupe kisicho na shingo wala mikono, ambacho Shemsa alipokipima kwa macho aliona urefu wake ni wa baba mwenyewe.

"Baba, nguo ya nani hiyo?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Sss! Mama yako atasikia. Kasema nikiimaliza tunaondoka wote."

Shemsa hakungoja. Akamleta Maalim Luqmani kutoka Ushongo, na ubani wake na kombe lake la kuandikia aya. Maalim alisimama mlangoni pa jikoni, akakunja uso.

"Jini huyu kafunguliwa mlango. Nani aliitika mara ya kwanza? Nimtaje kwenye dua, na yeye nimkinge. Nisipomtaja, jini atabaki na njia ya kupitia kwake."

Shemsa akamtazama baba, aliyeamini kila "labeka" ilikuwa ya mkewe. Akaona aibu.

"Sijui, maalim."

Maalim akasoma. Sufuria zikagongana, bangili zikalia kwa fujo, kitu kikapiga ukelele mrefu kikatoka kwa kupitia uani, na harufu ikakatika. Kitambaa kikachomwa moto. Mzee Rahimu alilia mpaka magharibi, kisha akaomba uji.

Wakaanza upya, baba na mwanawe. Wateja wakarudi, mzee akanenepa, akawa anamtania Shemsa kwamba pilau lake limeshiba chumvi. Jina la Zuwena alilitaja kwa kulirehemu tu. Shemsa akaanza kusahau alivyomdanganya maalim.

Mchana mmoja alikuwa uani tena, anaanika kanga. Baba akaita kutoka ndani:

"Shemsa! Njoo unitungie uzi, mwanangu, macho hayaoni."

"Labeka, baba," jikoni pakaitika.

Ilikuwa sauti yake, Shemsa mwenyewe. Asumini ikamjaa puani. Akataka kupiga kelele, baba, mimi niko huku, usimwamini, lakini kinywa kilijaa ladha ya tope na sauti haikutoka, na miguu ikagoma pale pale chini ya kamba. Kupitia dirishani akamwona baba yake akitabasamu kuelekea mlango wa jikoni, akinyoosha mkono wenye sindano.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Hebu kaa hapa karibu yangu."

Akasogea kwenye benchi, akampisha.