Ulimi wa Kuazima

Asubuhi ile soko la Tainan lilikuwa limefurika, pikipiki zikipenya kati ya meza za samaki, na Pei-chun, akiwa juu ya yake na aproni ya bluu na viatu vya mvua, alifunga breki ghafla kumkwepa bibi mmoja. Mfuko wa sukari ya miwa ukateleza ukapasukia miguuni mwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Samahani kaka, nimekuharibia viatu."

"Viatu vitaoshwa. Ila sukari ndiyo imekwisha. Utapika nini?"

"Nitazoa ya juu juu. Mradi usinitangaze kwa wateja."

"Kunyamaza kwangu ni ghali, dada."

"Basi njoo dukani, nikuzibe mdomo kwa bakuli moja."

Huyo ndiye Shih-kai, fundi wa miwani wa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alikuja kesho yake, na kesho yake tena. Duka lilikuwa la marehemu baba yake Pei-chun: tofu laini, maziwa ya soya yaliyogandishwa, inayotetemeka kwenye kijiko, ikimwagiwa shira ya sukari iliyokaangwa kwanza kavu mpaka itoe moshi, kisha ikatiwa maji. Kila siku Shih-kai alinunua bakuli, akaomba afungiwe, eti atakula kazini. Mvua hazijaisha, mtaa mzima ukawa unajua. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Simu zao zilikuwa za kipuuzi, kama za wapendanao wote.

"Umekula?" aliuliza Pei-chun.

"Nimekula sauti yako."

"Haishibishi hiyo."

"Mimi nashiba haraka, mpenzi."

Na hapo hakudanganya. Miaka miwili nyuma Shih-kai alikuwa mnene wa kuhema akifunga viatu, mpaka madaktari wakamkata tumbo na kumwachia kipande kidogo tu. Mwili ukayeyuka, lakini sukari ikawa adui. Kitu kitamu kikimezwa kilishuka utumboni mbio, moyo unamdunda, jasho linamtiririka, tumbo linamkata, na choo hakingoji. Siku moja, baada ya keki ya sherehe kazini, alianguka kwenye ngazi za stesheni ya treni na nguo zikamchafukia mbele za watu. Tangu siku hiyo harufu ya sukari tu ilimtia baridi, na aliapa mwanamke yeyote asijue.

Kumbe Pei-chun naye alikuwa na lake. Jioni moja aliteremsha mlango wa duka, akamkalisha, akamweleza kwamba homa ya mwaka jana ilimwulia pua na ulimi. Hasikii ladha. Shira anaipika kwa macho, na sukari ya miwa ni nyeusi tangu ikiwa mfukoni. Macho hayaoni inapoanza kuungua. Hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake.

"Wewe ndiye utakuwa ulimi wangu," alimwambia. "Ukisema imeungua, namwaga. Ukisema sawa, nauza. Duka hili ndilo baba alilobakisha."

Jamani, mlango uliokuwa wazi kuliko huo ni upi? Angesema tu, na mimi tumbo langu ni hivi na hivi. Lakini Shih-kai alimshika mkono akasema sawa, mpenzi. Na kuanzia hapo kila asubuhi alipeleka kijiko karibu na midomo, akafumba macho, akasema, "Tamu. Kama ya baba yako." Bakuli alilofungiwa alilimwaga kwenye mtaro nyuma ya duka la miwani.

Watu wa mtaa wetu hawamwambii yatima kwamba chakula chake ni kibaya. Tunamaliza bakuli, tunashukuru, haturudi. Viti vikaanza kubaki vitupu, na Pei-chun akawaza labda ni joto, labda ni duka jipya la barafu kule kona. Kisha wazee wa hekalu wakaja, kwa heshima ya baba yake, wakamwagiza sufuria kubwa ya sikukuu ya mungu wa mtaa. Alijua kwamba ikiharibika hiyo, jina la duka limekufa mbele ya watu wote.

Siku moja kabla ya sikukuu akaingia mwanamke mwenye gauni la maua na kicheko kikubwa. Alikuwa Shih-ting, dada yake Shih-kai, amekuja kumwona wifi. Akaletewa bakuli. Akala kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu.

"Wifi, usinichukie. Hii imeungua. Chungu."

"Leo?" Pei-chun alicheka. "Ndugu yako kaionja asubuhi, kaisifu."

"Kai? Kai hagusi sukari, mama. Tangu akatwe tumbo, kijiko kimoja cha hii kingemlaza sakafuni." Kisha akauona uso wa mwenzake. "Hakukwambia?"

Shih-kai alipofika jioni alikuta viti vimepandishwa juu ya meza. Alijua. Akaanza kueleza yote kwa pamoja, hospitali, ngazi za stesheni, aibu, hofu kwamba angemwona nusu mtu. Pei-chun alimwacha amalize.

"Nusu mtu mimi ningemtunza," alisema. "Nilikupa siri yangu, ukaitumia kunificha yako. Watu walikuwa wanakunywa masizi, mimi nawaambia ni ya baba."

"Nisingeweza kumeza, Pei-chun."

"Nani alikwambia umeze? Ungeonja ukatema. Ningekushikia bakuli mwenyewe."

Shih-kai akatoka. Usiku alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya mwisho ilipokelewa, akamsikia Pei-chun analia, kisha ikazimwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo si lazima kiwe cha mtu.

Asubuhi ya sikukuu ngoma za hekalu zilikuwa zimeanza. Shih-kai aliingia dukani bila kukaribishwa, akachukua bakuli tupu na kijiko, akasimama kando ya jiko. Pei-chun hakumtazama wala hakumfukuza. Sukari ilikuwa inaanza kutoa moshi.

Shih-kai alichota ncha ya kijiko, akaipoza, akaiweka ulimini, akatema. "Bado."

Akaonja tena, akatema. "Bado kidogo." Jasho lilishalowesha kola. Mara ya tatu alitema, akajishika meza.

"Sasa. Tia maji, sasa hivi."

Pei-chun akayatia kwenye sukari. Mvuke ukajaa duka zima. Kisha alichota shira kwenye kikombe kidogo, akampita Shih-kai, akatoka mlangoni kumwita Mama Lai, jirani yake muuza supu ya samaki.

"Mama, nionjee. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya."

Mama Lai akanywa, akamtazama msichana, akamtazama kijana aliyekuwa amekaa sakafuni, uso umempauka. "Ni yenyewe," alisema. "Mwaka mzima sijainywa hii."

Aliporudi ndani, Pei-chun alimvuta Shih-kai kichwa akamlaza juu ya mfuko wa sukari, akampepea kwa mfuniko.

"Leo umesema kweli," alimwambia.

"Hukuniamini."

"Sikukuamini. Kesho uje tena, uonje, na mimi nitamwita Mama Lai. Keshokutwa pia. Nitaendelea kumwita mpaka ifike siku nitakayosahau kumwita."