Firigisi ya Mgeni

"Ayuma, kwani dada yako ana pacha? Wewe wasema yuko Webuye, nami nimemwona akianika nguo hapa nyuma."

Hilo ndilo swali alilouliza Mama Batulo, jirani yao pale mtaa wa Kaloleni, Nairobi, siku moja Ayuma alipokuwa akichota maji bombani. Ayuma, msichana wa miaka kumi na miwili, aliinamisha kichwa, akainua ndoo yake na kuondoka. Tangu siku ile hakutulia. Hata akipiga magoti kusali, swali lile lilimjia kabla ya kufika amina.

Mama yake ndiye aliyemtuma kusema uongo huo. Kila Wandera, fundi wa magari kutoka Umoja, alipobisha hodi kumwulizia Everline, Ayuma alitakiwa kusema dada amesafiri kwenda Webuye. Everline naye aliambiwa na mama kwamba kijana huyo amemsahau. Mama alitaka Everline aolewe na Bwire, mwenye duka kubwa la nafaka.

Jumapili moja mama alipika kuku. Bwire angekuja jioni kuleta maneno ya posa. Everline alikuwa bado kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Adhuhuri hodi ikasikika, na kabla Ayuma hajainuka, baba akafungua mlango mwenyewe.

"Kumbe ni wewe, Wandera! Umepotea sana. Ingia, chakula ki tayari."

Mama akapakua, uso umemkunjamana. Baba akalichungulia bakuli. Kwao magharibi mwa Kenya, kuku akichinjwa, firigisi hupewa mgeni wa heshima. Asipoiona, hujua hatakiwi.

"Mama Everline, firigisi iko wapi?"

"Muulize huyo bintiyo mlafi," mama akasema akicheka. "Ameila jikoni."

Ayuma alihisi masikio yakiwaka moto.

"Si kitu, mzee," Wandera akasema. "Nimekuja kuaga tu. Nimepata kazi Eldoret, naondoka kesho. Kila nikija hapa naambiwa Everline yuko Webuye. Nimeelewa."

"Webuye?" Baba akaweka kijiko chini. "Everline hajatoka Nairobi mwaka huu."

Mama akamkazia Ayuma macho. Ayuma akainuka, akafungua kabati, akatoa kisahani kilichofunikwa na kukiweka mbele ya Wandera.

"Sikuila, baba. Amewekewa Bwana Bwire. Na hayo ya Webuye niliyasema mimi. Mama alinituma."

Everline alikuwa amesimama mlangoni, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mama," akasema polepole, "si uliniambia amenisahau?"

"Nimefua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka," mama akajibu. "Sikutaka wewe ufue za watu."

"Ungemwambia hivyo, achague mwenyewe," baba akasema. "Bwire nitazungumza naye mimi." Kisha akamgeukia Ayuma. "Mwanangu, mkubwa akikutuma maji, nenda mbio. Akikutuma uongo, kataa kwa adabu, uje uniambie. Ungenyamaza leo, dada yako angeolewa kwa maneno ya kinywa chako. Na sisi wazazi tumwogope Mungu, tusimtwike mtoto mzigo kama huo."

Wandera akaikata firigisi katikati. Nusu akamsogezea Everline, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile, kwani mwanamke hakupewa firigisi. Everline akaketi, akaila.

Mama aliwatazama wote wawili. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akatoka nje.