Kitasa cha Gari la Maji

Tufani ya mchanga iliwakuta katikati ya jangwa, na kabla Kasi hajakanyaga breki, gari lilikuwa limeacha njia na kuvaa jiwe. Rejeta ikapasuka. Maji yake yote yakanyonywa na mchanga huku Kasi akitazama tu, mikono kichwani.

Dhoruba ilipotulia, simu haikushika mtandao na njia yenyewe ilikuwa imefukiwa. Chupa pekee waliyokuwa nayo mbele, yeye na mama mkwe wake, iliisha siku hiyo hiyo. Kasi hakujali. Kazi yake ni kusambaza maji ya kunywa madukani, na nyuma, ndani ya sanduku la chuma lisilo na dirisha hata moja, alikuwa amepakia katoni mia mbili! Akazunguka huko akipiga mluzi, akachomeka ufunguo mlangoni.

Ukaingia nusu, ukagoma.

Kutwa nzima ya pili alipambana na mlango ule. Aliupiga mateke, akaubamiza kwa jiwe mpaka bati likabonyea na viganja vyake vikachubuka. Nyundo, bisibisi, spana, vyote vilikuwa humo humo ndani. Kila alipogonga, chupa zilitikisika, na sauti ile ya maji ilikaribia kumtia wazimu.

Asubuhi ya tatu mama mkwe alikuwa amelala kwenye kivuli cha gari, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Mkewe Kasi alikuwa amemwambia neno moja tu wakiondoka: "Mfikishe salama." Kasi akaurudisha ufunguo kwenye tundu, akaokota jiwe ili augongelee uingie kwa nguvu.

"Acha!" Sauti ya mama ilikwaruza. "Ukikatikia humo tumekwisha. Lete nione."

Alikuwa amefanya kazi ya ufundi cherehani kwa miaka arobaini. Akapitisha kucha kwenye meno ya ufunguo, ukatoka uchafu mweusi, mgumu.

"Hiki kitasa unakipaka nini?"

"Grisi, Mama. Kila wiki. Nakitunza."

"Umekitunza mpaka umekiua! Grisi ikishika vumbi, baba, inakuwa saruji. Wanafunzi wangu waliniharibia cherehani tatu hivyo hivyo. Gari lako linakunywa nini?"

"Dizeli."

"Basi lete. Upesi!"

Kasi alichomoa mpira wa mafuta kwenye injini, akakinga dizeli kwa kibweta cha miwani ya mama. Mama akatoa wino kwenye kalamu ya biro, akabaki na ganda lake tupu. Akalichovya, akaziba juu kwa kidole, akadondosha dizeli kwenye tundu la kitasa, tone kwa tone. Kisha akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye khanga yake, akachokoa. Tope jeusi likatiririka. Tone tena, sindano tena. Jua likapanda, mkono wa mama ukaanza kutetemeka. Kasi, ambaye siku zote alimwamkia kwa mbali, macho chini, akaushika mkono ule na kuutuliza.

"Sasa ingiza. Usilazimishe. Bembeleza."

Ufunguo ukazama wote! Akauzungusha, ukakataa. Akaurudisha, akajaribu tena taratibu. Robo. Nusu. Ko!

Mlango ukafunguka, na Kasi akapiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua. Alichana katoni kwa meno, akamnywesha mama kwanza.

"Kidogo kidogo," mama alimwonya ilipofika zamu yake, naye mwenyewe tayari anajimiminia chupa ya pili kichwani.

Siku ya tano dereva wa lori la kokoto aliona katoni walizotandaza juu ya paa, akaja mbio na kidumu cha maji mkononi.

"Poleni jamani! Mna maji?"

Walitazamana, wakacheka mpaka wakakaa chini. Yule bwana akabaki ameduwaa, akiangalia mlango uliobonyea na kitasa kilicholoa dizeli.

"Nani fundi hapa?" akauliza.

"Mama yangu," Kasi alisema, akamshika mama mkono ili awe wa kwanza kupanda lori.