Oregano ya Uzio

Kila siku baada ya shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chiriku alipanda ngazi hadi juu ya paa kukagua nyungo za baba yake. Paa lenyewe lilikuwa la zege, tambarare, na upande mmoja baba alikuwa amefunga turubai ili jua lisiyachome majani. Chini yake zilipangwa nyungo nne za majani ya viungo, zimefunikwa chandarua kuukuu: wa rehani, wa taimu, wa rozmari na wa oregano. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuyageuza majani taratibu na kuyajaribu kwa vidole. Jani likivunjika kwa mlio, limekauka. Likijikunja tu, bado.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu mdomo wa mtoto yule haukujua likizo. Alisimulia ya darasani akila, ya njiani akifua, na akikosa wa kumsimulia aliyasimulia majani.

Baba yake mtaa mzima ulimwita Shefu. Alikuwa amepika miaka kumi na minane katika mgahawa wa chakula cha Kiitaliano, ng'ambo ya barabara kuu, mpaka mgongo ulipokataa kubeba masufuria. Sasa alikausha majani nyumbani, akayasaga, akayachanganya na kuyatia kwenye chupa, na mgahawa ule ule ndio uliozinunua. Mpishi aliyeshika nafasi yake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Kila akionja mchuzi uliotiwa mchanganyiko ule husema, "Huu ni mkono wa mwalimu wangu." Sifa hiyo Shefu aliithamini kuliko dawa zote za mgongo.

Ijumaa moja baba alishikwa na mafua makali, macho mekundu, leso haimtoki mkononi.

"Nakwenda zahanati," alimwambia Chiriku. "Mama yako amepeleka nguo kwa mteja. Mawingu haya siyaamini. Tone la kwanza likidondoka, anza na oregano. Ule ungo uko pembeni, turubai haiufikii vizuri."

"Sawa, baba."

"Sawa ya kweli, au sawa ya kunifukuza?"

"Sawa ya kweli!"

Na kweli alikusudia. Lakini chini uani wenzake walikuwa wanaruka kamba, na zamu yake ilipofika alikuwa na miguu myepesi siku hiyo, ajabu! Tone la kwanza lilimdondokea puani akiwa amefika sabini na moja. Acha nifikishe mia, akajiambia. Alipofikisha mia, mvua ilikuwa inamwagika. Alipofika juu, oregano ilikuwa inaelea ndani ya ungo kama majani ya chai yaliyobaki birikani, na nusu yake ilikuwa imeshachukuliwa na maji. Nyungo nyingine tatu, katikati ya turubai, hazikuguswa.

Chiriku alisimama pale akilowa. Aliwaza uso wa baba. Aliwaza ile "sawa ya kweli". Hofu ni mshauri mbaya, na ukiachwa naye peke yako nyumbani, lo, hukupa ushauri unaoonekana mzuri kabisa. Hofu ikamwonyesha uzio. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka chenye majani madogo yenye vinyweleo, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali. Oregano nayo ina harufu kali, si ndiyo?

Akayachuma. Akayakausha kwenye kikaango, moto mdogo, huku akigeuza kwa mwiko na kutega sikio mlangoni. Akayafikicha mpaka yakawa vipande vidogo vya rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Kwa macho tu, huwezi kutofautisha. Akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa machungu, na ulimi ukawasha mpaka akanywa vikombe vitatu vya maji. Hata hivyo aliyamimina kwenye bakuli, akafunika.

Asubuhi ya Jumamosi baba aliketi mezani na vijiko vyake vya kupimia.

"Chiriku!"

"Abee, baba."

"Kumbe oregano umeshaifikicha! Umenipunguzia kazi, mwanangu." Akainusa, akapiga chafya. "Hata pilipili nisingeisikia leo. Pua yangu imebaki pambo. Hebu ninusie wewe. Ni yenyewe?"

Alimsogezea bakuli. Chiriku akainama, akanusa.

"Ni yenyewe, baba."

Baba hakuuliza mara ya pili. Akatia rehani vijiko vinne, oregano vitatu, taimu viwili, rozmari kimoja, akachanganya kwa mkono, akajaza chupa tatu. Mlangoni akageuka, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mafua yamshike. "Mgahawani wanazisubiri. Leo wana wageni arobaini, watoto wa chekechea. Tambi na mchuzi wa nyanya. Miaka minne, mitano, wadogo hivi!" Akaonyesha kimo kwa kiganja, akaondoka.

Chiriku akamfuata mama yake aliyekuwa barazani na cherehani.

"Mama, majani ya uzio wa nyuma yanaliwa?"

"Yale? Mbuzi wa jirani hula karatasi, hula na kamba za viatu. Yale huyapita." Mama akakata uzi kwa meno. "Mtoto wa fundi viatu aliwahi kuyatafuna. Alitapika siku nzima, akalazwa. Kwa nini unauliza?"

Mama aliinua macho, maana nyumba ilikuwa haijawahi kuwa kimya namna ile asubuhi. "Wewe, unaumwa? Chiriku!"

Lakini Chiriku alikuwa ameshatoka mbio, bila viatu.

Njia nzima alijiambia labda hawajapika. Labda watapika bila ya viungo. Labda chupa imedondoka ikavunjika, inshallah ivunjike! Alipoingia jikoni kwa mlango wa nyuma alikuta baba ameketi juu ya kreti akinywa chai, na mpishi anakoroga sufuria kubwa la mchuzi mwekundu. Chupa moja ilikuwa wazi mezani, imepungua. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za watoto wakigonga meza kwa vijiko.

"Karibu, Chiriku!" mpishi akacheka. "Leo tutapata habari gani?"

Chiriku alifungua mdomo, sauti ikakataa. Mpishi akachota mchuzi, akaupeleka mdomoni kuonja.

"Usionje!" Chiriku akapiga kelele. "Si oregano! Ni majani ya uzio. Oregano ililowa mvua, nilikuwa naruka kamba. Nikachuma ya uzio. Yanatapisha watu."

Mwiko ulibaki hewani. Baba aliweka kikombe chini polepole sana.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuambia uninusie."

"Nilidanganya, baba."

Mpishi alitazama sufuria, akatazama mlango wa ukumbini. "Mwalimu," alinong'ona, "nimetia vijiko viwili tu katika sufuria lote hili. Labda hayatadhuru. Nyanya zilizobaki ni chache, na mwenye mgahawa akijua..."

"Mwaga."

"Lakini mwalimu..."

"Nimesema mwaga!" Shefu aliinuka, mkono kiunoni, akazima jiko mwenyewe. "Mwaga yote. Na chupa zote tatu."

Wakamwaga. Chiriku alimenya vitunguu saumu mpaka kucha zikamwasha, baba akakata nyanya akiwa ameegemea meza kwa maumivu, mpishi akatumwa sokoni mbio kama mtoto. Watoto walianza kulia njaa. Mwalimu wao alipokuja kulalamika, Shefu alivaa aproni aliyokuwa hajaivaa miaka miwili, akaenda ukumbini kwa miguu yake. Chiriku alimsikia nyuma ya mlango.

"Tusameheni. Chakula kimechelewa kwa sababu ya kosa letu."

Letu. Neno hilo lilimchoma Chiriku kuliko fimbo yoyote, akalia machozi ndani ya maganda ya vitunguu.

Watoto walikula saa nane kasoro, tambi na mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu, bila oregano, bila kitu. Walikula wakaramba sahani. Mpishi alisema kwa aibu kwamba kwa wiki mbili hivi atanunua viungo dukani, na Shefu akasema hata yeye angefanya vivyo hivyo.

Njiani kurudi baba alitangulia, mkono kiunoni. Mwishowe Chiriku hakuweza kuvumilia.

"Baba, nichape tu yaishe."

"Nikikuchapa, yataisha kwako. Kwangu hayataisha." Alitembea hatua kadhaa. "Hebu niambie. Jana ungenieleza kwamba mvua imekuzidi, ningefanya nini?"

"Ungekasirika."

"Sana. Halafu?"

"Halafu... ungekosa oregano."

"Ningekosa oregano. Basi! Ungo mmoja wa majani." Baba akasimama, akamtazama. "Jani likiwa zima, mtu yeyote anaweza kulitazama akalijua. Likishafikichwa na kuchanganywa, anajua aliyelifikicha tu. Wale watoto wasingeweza kukagua chochote. Walikuwa wanakula neno lako, Chiriku. Kosa la mvua ningekusamehe kabla chai haijapoa. Hili la kunitazama usoni ukaniambia 'ni yenyewe', nitakusamehe, lakini nipe muda."

Alihitaji muda kweli. Siku nyingi alipanda mwenyewe kugeuza majani, akiguna kwa mgongo kila ngazi, na Chiriku akamsikiliza kutoka chini bila kuthubutu kumfuata. Siku ya kumi na moja alimwita, akamkabidhi chandarua bila maneno mengi.

Wiki mbili zilipokwisha walipeleka chupa mpya pamoja. Mpishi aliipokea moja, akaiweka mezani bila kuifungua. Hakumtazama mwalimu wake. Alimtazama Chiriku.

"Humu mna nini?"

Masikio yalimwaka moto, lakini safari hii sauti ilitii. "Rehani, oregano, taimu na rozmari. Taimu ni pungufu. Nyingine niliisahau juani ikaungua, nikamwambia baba, tukaitupa. Utaona ladha imepungua kidogo."

"Nitaongeza vitunguu saumu," alisema mpishi. "Upungufu nikiambiwa, naupikia. Nisioambiwa, binti yangu, ndio unaoua watu."

Akavuta sufuria, akafungua chupa.