Makala Waliyoyakuta Yanawaka

Apolline alifunua sufuria ya maharagwe ayatie chumvi, akaonja, akakuta chumvi imekwisha kuingia. Na kitunguu. Na mafuta ya mawese, ambayo yeye hapikii maharagwe hata siku moja.

Kuna mwanamke anamzunguka mume wake, Ruffin. Hilo alikuwa na hakika nalo. Tangu wapange nyumba hii ya vyumba viwili upande wa Munigi, milango minne ndani ya uzio mmoja, mashati ya Ruffin yalikunjwa kwa mkono usio wake, na mto wa kitanda ulinuka nywele za mtu mwingine. Jana Ruffin alilamba vidole: "Mama Bénita, siku hizi umejifunza kupika!" Miaka yote ya ndoa hakuwahi kusifu kitu.

Basi jirani yake Dorine alipobisha hodi, alipokewa na mwiko.

"Ni wewe unaingia mu jiko yangu?"

"Mimi? Na hizi magoti? Bwana yangu mwenyewe ananishinda, nitafute wako?" Dorine alicheka, kisha akavuta hewa, kicheko kikamfia mdomoni. "Hii mawese... Louise ndiye alipika hivi."

"Louise gani?"

"Mama aliyekaa humu mbele yenu kuhamia. Alibebwa mgonjwa, bailleur mwenye hizi nyumba akatuambia amepona, yuko Bukavu. Leo nimekutana na dada yake. Louise alikufa, mama. Alikufa akiuliza, 'Nani atapika mu jiko yangu?'" Akasogea karibu. "Siku munaingia, muliwasha moto na nini?"

Kwao Masisi mama yake alimfundisha Apolline: mwanamke huingia nyumba mpya na kaa la jiko lake la zamani. Lakini siku ile mvua ilinyesha, watoto walilia njaa, na kwenye mbabula, jiko la makaa lililoachwa humo, makala yalikuwa yanawaka. Alidhani ni ukarimu wa bailleur.

"Tulikuta moto."

"Mu nyumba ya kufungwa na kufuli?" Dorine alinong'ona. "Mutoto wangu, ulipikia ku moto yake. Humu yeye ndiye mke mkubwa. Wewe ni mke mudogo."

Apolline hakulia. Alimwaga makala kwenye mawe meusi nyuma ya choo, akayamwagia maji mpaka yakanyamaza, akawasha mengine kwa kiberiti chake.

"Bwana ni wangu," aliuambia ukuta. "Watoto nimezaa mimi. Tafuta wako."

Akapika upya, bila mawese.

Umeme ulikatika jioni, kama kawaida, na Apolline akainua sufuria akaelekea salon, walikozoea kulia, akipapasa ukuta, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya mawese ilivyozidi kumjia usoni, nzito, ya moto, kana kwamba mtu amefunua chungu kingine upande wa pili wa pazia, ambako Ruffin alikuwa anawaita watu wake waje kula.

"Bénita?"

"Niko."

"Valentin?"

"Niko, papa."

"Mama Bénita?"

Apolline alifungua mdomo.

"Niko," sauti ya mwanamke ilijibu mezani, taratibu, kwa upendo.

"Basi tuko wote," alisema Ruffin. "Tule."

Na gizani, sufuria ikiwa imejaa mikononi mwake, Apolline alisikia vijiko vyao vikianza kugonga sahani.