Fyuzi Haikuharibika

Ilikuwa mwaka 2012, msimu wa baridi. Mshonaji mmoja alitakiwa kukabidhi sare thelathini za wauguzi siku ya Ijumaa. Zikichelewa, hospitali ingempa mwingine kazi hiyo.

Alishonea sebuleni. Ekstensheni moja, waya mrefu wenye soketi kadhaa, ililisha vitu vitatu: cherehani ya umeme, pasi na hita ya kupashia chumba joto. Jumanne asubuhi vyote vilizimika kwa pamoja.

"Fyuzi imeharibika tena," alisema mumewe, seremala aliyejiita Bingwa. "Ya tatu wiki hii. Fyuzi za siku hizi nyonge kama uji wa mgonjwa."

"Basi kanunue nyingine."

"Ya nini?" Alichukua karatasi ya kung'aa ya paketi ya biskuti, akaizungushia fyuzi iliyoungua, akairudisha ndani ya plagi. Cherehani ikanguruma. "Umeona? Ujuzi hauzeeki."

Mkewe aliendelea kushona. Saa moja haikupita, akasikia harufu ya plastiki. Waya wa ekstensheni ulikuwa wa moto, haushikiki, na sare iliyougusa ilikuwa na doa la kahawia. Alizima swichi ya ukutani, akachomoa plagi, akamwita wifi yake, dada yake Bingwa, aliyekuwa fundi umeme.

Wifi aliifungua plagi, akamtazama kaka yake.

"Kaka, biskuti umekula wewe, karatasi ukailisha nyumba?"

"Fyuzi ziliharibika, dada."

"Sema vizuri. Hazikuharibika; zilifanya kazi yake. Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba wa madini. Umeme ukipita mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba, uzi huo hukatika kwanza ili waya usiungue. Fyuzi ni mlinzi. Wewe umemziba mlinzi mdomo."

"Lakini cherehani yangu ni ndogo, wifi," alisema mshonaji.

"Cherehani haina kosa. Wenye njaa ni hita na pasi. Ndani yake mna waya unaouzuia umeme makusudi, ndiyo maana hutoa joto. Vyote viwili hula umeme mwingi. Vikila pamoja kwenye ekstensheni moja, ekstensheni yenyewe hugeuka hita."

Bingwa alikuna kichwa. "Tufanyeje?"

Wifi aliukata waya ulioungua ili mtu asije akautumia tena. Cherehani ilipata soketi yake na fyuzi mpya, ndogo, inayolingana nayo. Pasi ilihamishiwa jikoni, na hita ikachomekwa peke yake ukutani.

"Pasi ikiwaka, hita izimwe," alisema. "Na sare ile iliyoungua, kaka, ni deni lako."

Siku ile ile Bingwa alikwenda kununua kitambaa. Kila pasi ilipowaka hita ilizimwa, na mkewe alijifunga shali na kushona, vidole vikimwuma kwa baridi. Mashine haikuzimika tena hata mara moja.

Ijumaa asubuhi sare ishirini na tisa zilikuwa zimekunjwa. Bingwa alitoka jikoni na ya thelathini, ameipiga pasi mwenyewe.

"Hii hapa. Sasa hunidai."

Mkewe aliigeuza, akaikagua kola, kisha mshono. "Mkono wa kushoto una makunyanzi."

Bingwa alirudi jikoni, akaunyoosha mkono ule polepole, akaileta tena. Mkewe aliipokea, akaiweka juu ya zile nyingine.

"Sasa sikudai," alisema, wakabeba mzigo pamoja kwenda hospitalini.